Cherehani Nyuma ya Mlango

Kambini, Jumapili tarehe 3

Bi Kimya, mdogo wangu,

Huku niliko simu imegeuka tochi. Mtandao uliishia pale lami ilipoishia, na sisi tumepapita kitambo, tunachimba mashimo ya nguzo za umeme mlima baada ya mlima. Kwa hiyo itabidi turudi kwenye karatasi. Dereva wa lori la nguzo anapanda na kushuka mara mbili kwa wiki, na amekubali kuwa posta yetu mradi tusimsubirishe mlangoni. "Mimi nabeba nguzo, sibebi mapenzi," ameniambia, lakini barua ameipokea kwa mikono miwili.

Nakuandikia wewe na si wifi yako kwa sababu yeye ataniambia hajambo hata nyumba ikiwaka moto. Mama yuko kwa bibi na hawezi kumwacha na mguu ule uliovunjika. Wewe uko likizo. Basi mke wangu na huyo aliye tumboni mwake nimewaacha mikononi mwako.

Najua ulivyo. Najua mkikaa sebuleni wawili nyinyi, hata saa ya ukutani inaona haya kugonga. Lakini hili si la kuonea haya. Tumbo likimshika tu, hata kidogo, muite jirani mwenye teksi muende hospitali. Heri kuwahi mkachekwa kuliko kuchelewa mkalia.

Niandikie kila kitu. Ukishika kalamu huwa huna aibu kabisa, sijui inakupa dawa gani.

Kaka yako


Nyumbani, Jumatano tarehe 6

Kaka,

Barua yako imefika ikinuka dizeli. Nimeisoma jikoni, kisha nimeisoma tena chooni ili wifi asinione nikicheka peke yangu.

Umesema kalamu inanipa dawa. Basi niitumie kabla haijaisha nguvu. Kaka, tangu umuoe wifi, mimi na yeye tumeambiana shikamoo, marahaba, chakula tayari na umeme umekatika. Sikumbuki lingine. Si kwamba simpendi. Nampenda mpaka nashindwa kumtazama. Lakini nikifika kwenye mlango wa chumba chake cha kushonea, maneno yote yanajipanga mdomoni kama wanafunzi mbele ya ofisi ya mwalimu mkuu, kila mmoja anamwambia mwenzake tangulia wewe. Basi nasimama pale nje, nasikiliza cherehani inavyokimbia, halafu nageuka. Jana nilimpelekea chai mara mbili, na mara zote mbili nimeinywa mwenyewe kwenye ngazi.

Leo nimemsindikiza kliniki. Mkunga ni mama mnene mwenye sauti ya kupasua kuni. Ametukalisha pamoja akasema mtoto wa kwanza hana haraka. Uchungu ukianza, alisema, msije mbio. Mama akae nyumbani, aoge maji ya uvuguvugu, ale kidogo, anywe, aende haja ndogo mara kwa mara, atembee, akichoka alale ubavu. Akanifundisha kumsugua mgongo chini kabisa, kwa kiganja, kwa nguvu. Ila maji yakimwagika, au akiona damu, au mtoto akiacha kucheza, hakuna cha kusubiri. Kisha akanigeukia mimi.

"Na wewe binti, kazi yako ni kumwongelesha. Uchungu ukimshika, muulize kitu. Akiweza kukujibu, bado mapema. Siku akishindwa kukujibu, na unakuja karibukaribu, leteni hapa."

"Sawa," nilisema. Nadhani nilisema. Pengine nilitikisa kichwa tu.

Umeona mtihani wenyewe? Shuleni mambo haya tumesoma kwa ile lugha nyingine, na nikapata alama za juu. Naweza kukuandikia hatua zote na mishale yake. Lakini kwa lugha ya nyumbani, ya kumwambia mtu aliye mbele yako anaumwa, sina hata neno moja. Na nimepewa kazi ya kuongea, mimi!

Kuna jambo wifi ameniomba nisikwambie. Kwa kuwa sijui kudanganya, nakuambia tu kwamba lipo.

Mdogo wako


Kambini, Ijumaa tarehe 8

Wewe mtoto wewe,

Jambo gani? Unamwambia mtu aliye juu ya nguzo kwamba kuna jambo, halafu unatia sahihi? Leo nimefunga waya upande ambao si wenyewe, na msimamizi ameniuliza kama nimekunywa. Mpishi wetu anasema nikiendelea kuzunguka hema hivi, watanifunga kamba kama punda wanitumie kuteka maji.

Nimeomba ruhusa. Msimamizi kasema waya lazima uvuke bonde kwanza, na kwamba kila mtu hapa ana mke. Hilo si kweli, mpishi hana.

Mkunga ni mkunga, simbishii. Lakini mimi niko mbali, na mtu wa mbali haamini kusubiri. Basi fanya alivyokuagiza: mwongeleshe. Mwongeleshe chochote. Msimulie habari za paka wa jirani. Wifi yako naye si msemaji, usimngoje aanze yeye. Nilikaa naye karibu mwaka mzima kabla sijajua anacheka kwa sauti.

Na hilo jambo niambie.

Kaka yako


Nyumbani, Jumatatu tarehe 11, asubuhi

Kaka,

Leo ndiyo leo. Usiruke, kaa kwanza.

Kulipopambazuka nilimkuta wifi jikoni ameegemea meza, macho kayafumba, birika linachemka mpaka mfuniko unacheza. Nikasimama. Alipofumbua macho akaniona.

"Yameanza," akasema. "Lakini taratibu. Usimwite mtu."

Nikatikisa kichwa. Hayo ndiyo mazungumzo yetu marefu kuliko yote ya likizo hii, na mimi sikuchangia kitu.

Sasa nikuambie lile jambo, maana limeanza kuzaa mengine. Siku chache baada ya wewe kuondoka tumbo lilimkaza, tukakimbia hospitali, jirani wa teksi akipiga honi kana kwamba amebeba waziri. Mkunga wa zamu akampima, akasema njia haijafunguka hata kidogo, mwili unajaribu mitambo tu, rudini nyumbani. Kwenye benchi mama mmoja akawaambia wenzake, "Huyu kaja kukagua vitanda." Wakacheka. Sidhani walikuwa na ubaya. Wote walikuwa wanaumwa, walitafuta kitu cha kucheka. Lakini wifi njia nzima aliangalia dirishani, na tulipofika akaniambia, "Mimi kule sirudi mpaka mtoto mwenyewe abishe hodi. Na kaka yako asijue, ataacha kazi aje kunishika mkono."

Kwa hiyo najua atanificha. Ndiyo maana leo nimefungua macho na masikio.

Tumefanya alivyosema mkunga. Nimempashia maji, ameoga polepole. Amekula ndizi na kipande cha mkate, na chai amekunywa mwenyewe leo. Ametembea kutoka sebuleni hadi uani na kurudi, mkono kiunoni, na kila yalipomshika aliegemea ukuta akipuliza pumzi kama mtu anayepoza chai. Mimi nilimfuata nyuma kama mkia. Nilitaka kumsugua mgongo. Mkono wangu ulikwenda mpaka ukakaribia gauni lake, ukarudi nyumbani.

Kisha akasema ana mapazia ya ukumbi wa shule hajayamaliza, bora ashone yamsahaulishe. Akaingia chumba chake, akafunga mlango.

Na hapa, kaka, nimepata ujanja. Niliambiwa nimwongeleshe, na mimi na kuongea unatujua. Lakini cherehani inaongea! Inapokimbia, najua anashona, hana shida. Inaponyamaza, najua yamemshika. Mwanzoni ilikuwa inanyamaza muda mrefu, nikaogopa, nikawa naenda mlangoni na kurudi hapa mezani, kucha mdomoni. Sasa inakimbia kwa nguvu, mara kwa mara, na kimya chake ni kifupi tu. Yaani yanapoa. Labda ni mitambo inajaribiwa tena, na tungekimbia tungechekwa mara ya pili.

Dereva huyo nje anapiga honi. Nampa barua hii. Tulia kaka, wifi anashona kama siku zote, tena kwa bidii.

Mdogo wako


Kambini, Jumatatu tarehe 11, jioni

Mdogo wangu,

Fungua mlango. Usibishe, fungua.

Umeisoma cherehani kinyume. Mwaka ule baba yake alipofariki, nilimkuta chumbani anakanyaga cherehani kwa nguvu zote, gurudumu linazunguka, na juu yake hakuna kitambaa. Hata uzi hakuna. Nikamuuliza, unashona nini? Akasema, "Sishoni. Nayapisha yapite." Tangu hapo nimemjua. Jino likimuuma, anakanyaga. Nikimuudhi, anakanyaga. Ikinyamaza ndipo ana nafuu. Sasa wewe unaniandikia kwamba inakimbia mara kwa mara na kimya ni kifupi, na ukaniambia nitulie!

Sikulaumu. Sikukuambia. Nani angedhani itafika siku utahitaji kulijua hilo?

Mpima njia anashuka kesho alfajiri na pikipiki. Kiti cha nyuma kimefungwa vyombo vyake, nimembembeleza avishushe nikae mimi, avifuate safari ya pili, amekataa, lakini barua atabeba. Najua ikifika itakuwa imechelewa, kwa heri au kwa shari. Naiandika kwa sababu nikikaa bure nitaanza kushuka mlima kwa miguu gizani, na mpishi amekalia viatu vyangu.

Mwongeleshe tu. Mwambie nimesema aende. Mwambie wanaocheka wacheke.

Kaka yako


Wodini, Jumanne tarehe 12

Kaka,

Ni msichana. Ni mzima. Wifi mzima. Nimeanza na hayo ili upumue, sasa soma mengine kwa nafasi.

Lori lilipoondoka nilimimina chai, nikaibeba hadi mlangoni, nikasimama pale ninaposimama siku zote. Cherehani ilikuwa inakimbia. Nikataka kugeuka na kikombe changu. Ndipo nikasikia kitu ambacho hakikuwepo.

Hakukuwa na mkasi.

Kaka, nimesimama nje ya mlango ule tangu mlipooana. Sijui mengi ya wifi lakini najua sauti ya pindo lake. Cherehani inakwenda, inapunguza mwendo kwenye kona, inasimama, mkasi unakata uzi, kitambaa kinavutwa, inaanza tena. Hii ilikuwa inakwenda tu. Haina kona. Haina mkasi. Nikajiuliza, pazia gani hili lisilo na mwisho?

Nikafungua bila kubisha. Mapazia yalikuwa kwenye kiti, yamekunjwa, hayajaguswa. Wifi alikuwa ameinama, paji la uso juu ya mashine, mikono imeshika ukingo wa meza, na miguu inakanyaga, inakanyaga. Chini ya sindano hapakuwa na kitu.

Nilielewa wakati ule ule. Asubuhi yote nilikuwa nimekaa nje nikihesabu maumivu yake kuwa nafuu.

Nikaweka kikombe chini. Nikaweka kiganja mgongoni pake, pale chini, nikasugua kwa nguvu kama nilivyofundishwa. Na mdomo ukafunguka. Sikuuchagulia maneno, hata nisingeweza. Nilimuuliza, "Wifi, wewe unapenda samaki au nyama?"

Kimya. Miguu inakanyaga. Kisha ikasimama, akavuta pumzi.

"Unasemaje?"

"Samaki au nyama."

"Umeingia bila hodi kuja kuniuliza samaki?"

"Ndiyo."

"Nyama," akasema. Yakamshika tena, hata chai haikuwa imeacha kutikisika kikombeni. Nikamuuliza rangi anayoipenda. Hakujibu. Nikamuuliza kama paka wa jirani ni dume au jike. Hakujibu, alinishika kifundo cha mkono mpaka leo kuna alama. Yalipomwachia nikasema, "Wifi, umeshindwa kunijibu mara tatu. Tunakwenda."

"Watanicheka."

"Wacheke."

"Watanirudisha."

"Wakiturudisha tutarudi, halafu tutakwenda tena. Hata kila siku. Jirani atatuzoea."

Akanitazama kana kwamba kiti kimemwamkia. Nami kwa kuwa nilikuwa nimeshaanza, sikuweza kukomea hapo. Nilimwambia kwamba chai zake zote nimekuwa nikizinywa mimi. Kwamba nasimama pale nje. Kwamba si maringo, ni uoga tu. Wifi akaanza kucheka, anacheka kwa sauti kweli, ulisema kweli, na katikati ya kicheko maji yakamwagika sakafuni, meupe, safi. Hapo hatukubishana tena.

Kwenye teksi niliongea njia nzima. Sijui niliongea nini. Jirani anasema nilimsimulia mtihani wote wa baiolojia, tena kwa lugha mbili. Hospitali mkunga wa kliniki ndiye aliyekuwa zamu. Alipompima alisema, "Hapa sasa ndipo pa kuja. Mngekawia kidogo mngezalia kwa dereva." Nilisikia neno mngekawia likinichoma. Tulichelewa kwa ajili yangu, kaka, na hakuna lililoharibika, na yote mawili ni kweli. Sitaki ulitupe lile la kwanza kwa sababu ya la pili.

Benchi lilikuwa limejaa akina mama. Hakuna aliyecheka. Mmoja alimsogezea wifi nafasi, naye hakuketi hata kidogo, alipelekwa moja kwa moja. Mlangoni mkunga akageuka: "Na huyu redio, anaingia au anabaki?"

Sikujua redio ni nani, nikatazama nyuma.

"Anaingia," wifi akasema. "Sauti yake ndiyo ninayoishikilia."

Mtoto alitoka jua likiwa bado juu. Analia kwa hasira kama mtu aliyeamshwa bila sababu. Bado hana jina, anakusubiri. Hapa wodini wanamwita Bi Kelele.

Barua yako ya pikipiki imeletwa na jirani leo. Wifi ameisoma mwenyewe, kisha akaikunja vidogovidogo. "Kumbe anajua," akasema.

Waya ukivuka bonde, njoo.

Mdogo wako


Nyumbani, Jumapili tarehe 8, mwezi uliofuata

Wifi yangu,

Bweni lenu halitaki simu, na mimi kuandika si kazi yangu, mkono umezoea sindano. Utavumilia.

Kaka yako alikuja, akamshika mtoto kama anayeshika waya wenye umeme. Jina amempa la bibi yenu, lakini Bi Kelele ndilo lililoshika. Amesharudi mlimani. Mama yupo, bibi sasa anatembea.

Nakuandikia neno moja ambalo siku ile sikuwa na pumzi ya kulisema. Wewe ulisema ulikuwa unasimama nje ya mlango. Mimi nilikuwa nakuona. Mlango ule una mwanya chini, na miguu yako inaziba mwanga. Siku zote nilikuwa naona vivuli viwili vya miguu, vinasimama, vinaondoka. Nikajiambia, huyu mtoto hanitaki kwenye nyumba ya kaka yake. Sikukuita. Nilidhani nikikuita nitakulazimisha.

Na siku ya uchungu, kila nilipoona vile vivuli ndipo nilipokanyaga kwa nguvu zaidi, ili usikie kazi na usiogope. Sikuwa nawakimbia wale wa kwenye benchi tu. Nilikuwa nakulinda wewe, na wewe ulikuwa unanilinda mimi, na tukakaribia kuuana kwa adabu.

Mtoto hataki kulala. Mama amejaribu kumbeba, kumwimbia, kumsukasuka, wapi. Juzi nimemlaza begani nikaketi kwenye cherehani, nikakanyaga tupu. Alinyamaza papo hapo. Ameizoea sauti hiyo tangu tumboni. Sasa hiyo ndiyo mbeleko yake.

Mapazia ya shule niliyamaliza, kikabaki kipande kirefu. Jana nilimwita fundi seremala, akaung'oa mlango wa chumba cha kushonea pamoja na bawaba zake. Akaniuliza umeharibika nini. Nikamwambia haujaharibika. Kile kipande nimekikunja pindo, na kona zake, na mkasi, nikakitundika pale.

Pazia halina pa kubisha. Ukifunga shule, njoo huku unaongea, tukusikie tangu barabarani. Na chai nitamimina vikombe viwili.

Wifi yako